Motokari Iliyokunywa Mlenda

Kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza motokari ile ilitoka Jumapili tu. Mwenye shamba, Mjerumani, aliiendesha mwenyewe kutoka nyumbani kwake Bigwa, chini ya mlima, mpaka stesheni ya Morogoro na kurudi. Mkewe alikaa nyuma kwenye kiti cha ngozi nyekundu, kofia yake imefungwa kitambaa hadi kidevuni. Taa zilikuwa za shaba. Milango ilikuwa ya mbao zilizopakwa rangi nyeusi, ukisogea karibu unaona meno yako. Watu walisema ilikuja nchini ikiwa tayari kuukuu, kwamba tajiri fulani wa Ulaya aliichoka akaiuza. Kwetu haikuwa kuukuu, maana hatukuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo.

Vita vilipoanza mkewe alikuwa kwao Ulaya, na meli zikakoma. Jeshi likachukua magurudumu ya mpira. Motokari ikabaki bandani juu ya magogo, mvua ikiipiga ubavu mmoja, na kuku wakahamia ndani. Mwenye shamba hakuisogelea tena. Alikuwa mzee, mguu mmoja mzito, na jeshi halikumtaka. Alishinda barazani akivuta tumbaku aliyoikausha mwenyewe.

Kisha boma likatoa amri kwamba kila kitu chenye kutembea kiletwe. Majeruhi walikuwa wengi, na machela zilihitaji mabega ambayo hayakuwapo. Mafundi wa jeshi walikuja kuitazama motokari, wakacheka, wakaenda zao. Yule mzee alikasirika kwa kicheko kile kuliko kwa jambo lolote nililowahi kuona. Alikwenda bomani na mguu wake akasema ataifufua mwenyewe, apewe tu mhunzi.

Mhunzi huyo alikuwa mjomba wangu.

Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba ana heshima yake, lakini mjomba ndiye anayesema ulime wapi, uoe wapi, na ukiugua ndiye anayeitwa kwanza. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mimi na mama yangu tulimtegemea mjomba kwa kila kitu. Alikuwa na kiwanda chake karibu na mto, mivukuto ya ngozi ya mbuzi na fuawe aliyoirithi, na jembe lake lilijulikana mpaka Kinole. Lakini kifua chake kilikuwa kimekula moshi wa makaa tangu utotoni. Akipanda kwenda shambani alisimama njiani, akijifanya anatazama mihogo ya watu.

Siku zile askari walipita vijijini na majumbe wakikamata wapagazi. Vijana walikimbilia juu msituni, na wasiokimbia walifungwa kamba. Jirani yetu mmoja aliyerudi kutoka vita vya kaskazini alirudi hawezi kushika ugali tumboni, nyayo zake zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Alikufa kabla ya kutusimulia yote. Mjomba alimzika, akarudi akamwambia mama, “Mimi sitafika hata alipofika yeye.”

Fundi mwenye kazi ya jeshi hakukamatwa. Alivaa shingoni kipande cha bati chenye muhuri. Basi motokari ikitembea, mjomba anabaki, na isipotembea anabeba mzigo. Hatukulizungumza sana jambo hilo nyumbani, lakini hata watoto wadogo walilijua. Waliponiona narudi jioni waliuliza, “Imenguruma?”

Mimi nilichukuliwa kazini pamoja naye kwa kuwa nilikuwa nimesoma madarasa ya mwanzo katika shule ya serikali, niliweza kusoma herufi zilizochongwa kwenye vyuma. Pia nilikuwa mtu wa kunyamaza, na yule mzee hakupenda maneno.

Tulianza kwa kuwatoa kuku. Chini ya kiti cha nyuma tulikuta mayai yaliyooza, na panya walikuwa wamekula ngozi nyekundu hadi kwenye manyoya ya farasi yaliyojazwa ndani. Tulifungua kila kilichofunguka. Mzee alitandika shuka za kitanda chake sakafuni, shuka nzuri zenye taraza, na kila chuma kilichotoka kiliwekwa mahali pake kwa mpangilio wa kutoka kwake. Ukisogeza kimoja alinyanyua fimbo. Hakupiga, ila aliiacha juu hadi ukirudishe.

“Hii hapa,” alisema. “Hii rafiki ya ile. Wewe usiachanishe.”

Kiswahili chake kilikuwa cha amri, lakini siku zilivyokwenda kikalainika. Mikono yake ilipochafuka akawa kama fundi mwingine yeyote. Alilala chali chini ya motokari, mguu mbovu umenyooka nje, akiita koleo, akiita tambara, na mjomba akimwambia, “Bwana, ukivuta hivyo utakata uzi wa parafujo. Ngoja niipashe moto.” Naye alingoja.

Hapakuwa na kitu cha kununua. Kutu tuliondoa kwa mchanga wa mtoni na ndimu. Mafuta ya kulainishia vyuma tulikamua mbegu za mbarika, na mama na mke wa mjomba walikoroga vyungu mpaka banda zima likanuka. Viti tulivishona kwa ngozi za mbuzi, rangi zao mbalimbali, kiti kimoja kina madoa meupe. Magurudumu tulizungushia kamba za katani zilizosokotwa nene, tukazipaka utomvu wa miti ya mpira iliyoachwa mashambani bila mgemaji, safu juu ya safu, tukazifukiza kwa moshi mpaka zikawa nyeusi. Kile kisanduku cha kutoa cheche kilikuwa kimeingia maji. Tulikikausha jikoni kwa yule mzee, juu ya jiko, na mpishi wake akaapa kwamba usiku kilizungumza.

Siku iliponguruma ilitoa moshi mweupe, na mbwa wote wa Bigwa wakabweka. Mjomba aliweka kiganja juu ya chuma akahisi kinavyotetemeka. Mzee ndiye aliyeizima haraka, akaonyesha mbele. Maji yalikuwa yanatiririka.

Mbele ya motokari palikuwa na kile kinachopoza maji ya injini. Sisi tulikiita sega, kwa kuwa kilikuwa na vitundu vingi mfano wa sega la nyuki, upepo ukipita katikati na maji yakishuka pembeni mwa vitundu, katika nafasi nyembamba kama ukucha. Mahali pengi shaba ilikuwa imeliwa. Kuziba kulitaka lehemu, na lehemu yote ilikuwa imechukuliwa na jeshi. Mzee alikwenda stesheni kuomba, akarudi na mfuko mtupu. Alitia ute wa mayai, kama walivyofanya kwao, ukashika asubuhi ukaachia mchana. Alitia unga. Mjomba alijaribu nta ya nyuki, ikayeyuka mara tu maji yalipopata moto.

Na siku ya kuionyesha bomani ilikuwa imekwisha tajwa.

Aliyeleta habari za boma alikuwa askari mmoja Mnyamwezi. Wanyamwezi, wapagazi wa misafara tangu zamani, ni watani wetu, na mtani hasemi neno la kawaida. Alisimama mlangoni pa banda, bunduki begani, akatazama maji yanavyochuruzika.

“Waluguru mmetengeneza mbuzi,” alisema. “Anakojoa vizuri.”

“Shika chungu umkinge,” mjomba alijibu. “Ndiyo pombe ya kwenu.”

“Mimi nakuja na kamba. Nimekwisha kumwambia bwana wangu kwamba yupo mtumwa wangu huku Bigwa, mwili mkubwa, kazi hana.”

“Mtumwa? Wewe mama yako alijifungua njiani, akageuka kumtazama mtoto akaona furushi. Akakubeba tu hivyohivyo mpaka pwani.”

Askari alicheka hata akaegemea nguzo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila utani, “Kaka, wanataka watu wengi safari hii. Izibe.”

Jioni ile tulikula ugali kwa mlenda. Mjomba alivuta tonge, ule utelezi ukafuata mkono wake kwa uzi mrefu, usikatike. Aliutazama. Akashusha mkono, akaunyanyua tena. Mkewe akamwambia aache kuchezea chakula mbele ya watoto.

“Nichumie mwingine kesho,” alisema. “Mwingi. Usitie magadi.”

Asubuhi tuliupeleka bandani umechemshwa, umechujwa, mzito kama makamasi. Mzee aliuchovya kidole akanusa. Mjomba alimweleza kwamba mwanamke akipasukiwa na chungu hukipikia mlenda kwanza, na ule utelezi huingia ufani ukashika, na chungu kikaendelea kuishi. Hayo ni kweli, kila mwanamke kwetu anayajua. Mzee alifuta kidole, akasema, “Tia.”

Tuliutia. Motokari ilinguruma, maji yakapata moto, matone yakapungua, yakawa machozi, yakakoma. Tulingoja. Ardhi chini yake ilikauka. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akampiga mjomba begani, na mjomba akakohoa kwa kile kipigo mpaka akakaa chini.

Bomani waliitazama wakaikubali. Mjomba akavishwa bati.

Msimu ule wote motokari ilifanya kazi. Ilibeba majeruhi kutoka stesheni hadi hospitali ya jeshi, wazungu kwanza, na mara chache askari. Viti vya nyuma vilitolewa ili machela ikae. Ngozi zetu za mbuzi zililowa damu zikawa ngumu, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kuzisugua kwa majivu. Mzee aliendesha, mjomba alikaa kando yake na debe la maji, mimi nilisimama nyuma nikishika machela isiteleze. Majeruhi mmoja kijana alinishika mkono njia nzima, na tulipofika ilibidi wamfungue vidole. Jina lake sikulijua, naye hakulijua langu.

Kila asubuhi, kabla ya safari, mjomba alimimina mlenda. Mke wake aliuchuma mapema, mpaka ule wa karibu ukaisha, akawa anapanda mlimani kuutafuta mbali. Ufa mpya ukitoka, kibuyu kimoja zaidi. Hatukumwaga maji ya zamani hata siku moja. Mjomba aliogopa kwamba tukimwaga maji yote, yale yaliyoziba yatatoka pamoja nayo, na sega litavuja kama siku ya kwanza, mbele ya askari. “Kidonda kilichoshika gamba hakibanduliwi,” alisema. Mzee alikubaliana naye. Mimi pia nilikubaliana, na hata leo sijui kama kuna mtu ambaye angefikiri vinginevyo.

Njia ya stesheni ni fupi na ni tambarare. Motokari haikupata nafasi ya kupata moto sana. Hiyo ndiyo iliyotudanganya.

Kiangazi kilipofika, tukaanza kusikia kwamba Waingereza wamefika upande wa Turiani. Mizinga ilisikika siku ambazo upepo ulitoka kaskazini, kama mtu anayetwanga mbali. Boma likaamuru motokari iende kwenye njia ya Turiani kumchukua afisa mkubwa aliyepigwa risasi tumboni. Mzee alisema njia hiyo ni mchanga mtupu na injini haitaipenda. Aliyemletea amri alikwisha kugeuka akaenda zake.

Tuliondoka asubuhi. Mpaka mbuga za Mkata zilipoonekana mbali upande wa kushoto ilikwenda vizuri. Kisha mchanga ukaanza. Magurudumu ya kamba yalizama, injini ikavuta kwa nguvu, na mvuke ukatoka mdomoni mwa sega. Tulisimama, tukangoja, tukaongeza maji. Maji hayakushuka. Mjomba alimimina debe, likajaa juu papo hapo na kumwagika, kana kwamba chini hapana nafasi. Aliinama akagusa sega. Juu palikuwa pa moto wa kuunguza, na chini pa baridi.

Nilimwona anavyoelewa. Aliendelea kuweka kiganja pale chini, penye baridi.

“Bwana,” alisema, “maji hayapiti. Tumwage.”

“Hapa hakuna mto,” mzee alisema. “Tukimwaga, tunatia nini?”

Tulikuwa na madebe mawili tu yaliyobaki, na mtu aliyepigwa tumboni alikuwa mbele yetu. Mzee aliamua kwenda polepole. Tulikwenda polepole. Tulisimama kila baada ya kitambo kidogo, na kila safari ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Mafuta ya mbarika yakaanza kunuka kama chungu kilichosahauliwa motoni. Ndipo ukaja mlio, si mkubwa, chuma kukamata chuma, na motokari ikasimama kama ng'ombe aliyegoma. Mzee alizungusha mtaimbo wa mbele, ule wa kuiwashia injini. Haukuzunguka. Mjomba alijaribu, nami nikajaribu pamoja naye, tukaning'inia juu yake kwa uzito wetu wote.

Tulivutwa kurudi kwa ng'ombe wa jeshi siku iliyofuata. Yule afisa alifia njiani kwenye machela, akibebwa na watu.

Bandani mzee alikata sega kwa msumeno. Ndani, zile nafasi nyembamba zote zilikuwa zimejaa kitu cha kijani kilichokauka kikawa cheusi, kigumu kama ukoko wa sufuria. Mjomba alikikwangua kwa ncha ya kisu. Kilitoka kwa vipande virefu vilivyonyooka, kama majani.

Bwana wa wapagazi, Mjerumani aliyesimamia ukamataji, alikuja mwenyewe, pamoja na yule mtani wetu. Mzee alisimama kabla hajaulizwa. Alisema kwa Kijerumani, kisha akalirudia kwa Kiswahili, nadhani ili sisi tusikie: “Mimi nilisema tia. Si huyu.”

Nilidhani tutasomewa kosa, na baada ya kosa kiboko. Hatukusomewa. Bwana wa wapagazi hakuwa na hasira hata kidogo. Alitazama injini, akauliza kama inaweza kutembea tena, mzee akasema haiwezi. Basi akamnyooshea mjomba mkono, kiganja juu, kama anayedai chumvi. Ilichukua muda mjomba kufahamu kwamba anataka lile bati.

“Yeye mgonjwa,” mzee alisema. “Kifua.”

“Wote wagonjwa,” alijibiwa.

Mtani alimfunga kamba. Nilitazamia kwamba ataacha utani, lakini alisema, “Nilikwambia yupo mtumwa wangu Bigwa.”

“Kamba yenyewe fupi,” mjomba alisema.

“Nimeikata kwa kipimo chako. Shingo ya Mluguru haina urefu, imeishia kwa kubeba mikungu ya ndizi.”

“Usikaze. Utanibeba wewe nikianguka.”

“Nitakubeba. Wanyamwezi si ndio kazi yetu?”

Mjomba hakucheka, wala mtani hakucheka. Lakini waliendelea hivyo hivyo kwa kupokezana mpaka njia panda, nami nikiwafuata, na nafikiri wasingeweza kutembea bila ya maneno yale. Njia panda nilizuiwa. Mjomba aligeuka akaniambia nimfunike mwenye mivukuto, maana ngozi ikikauka inapasuka. Mwenye mivukuto nilidhani ni mtu, nikauliza nani. Akasema, “Kiwanda, mjomba. Kifunike kiwanda.” Hilo lilikuwa neno la mwisho.

Siku chache baadaye Wajerumani waliuacha mji. Walichoma ghala, wakachoma na motokari bandani, mbao zake na ngozi za mbuzi, ingawa ilikuwa imekwisha kufa. Mzee alitazama kutoka barazani. Wapagazi walipitishwa milimani na kando ya milima, kuelekea Kisaki, na watu wa juu walisikia vikohozi vyao vikipita gizani chini ya nyumba zao. Mama alikwenda Kinole kwa ndugu zetu kuuliza. Waliomba radhi. Hakuna aliyethubutu kufungua mlango.

Sasa tuna watawala wengine, Waingereza, na wao pia wanakamata wapagazi.

Wazee wa ukoo walikutana wakataka matanga yawekwe na mimi nikalie nafasi ya mjomba, nichukue jina lake, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa dada. Mama alikataa. Alisema hataki mwanawe aitwe kwa jina la mtu ambaye huenda yuko njiani anarudi. Mwalimu wa msikiti alisema naye kwamba mke hawezi kukaa eda kwa kufikiria tu, lazima apatikane mtu aliyeona. Basi tunangoja mtu aliyeona.

Wanarudi mmojammoja, kutoka kusini, wamevaa magunia. Mke wa mjomba huwasimamisha njiani kila mara. Mwezi uliopita alipita mtu wa Turiani, mifupa mitupu, fimbo mkononi, akakubali kuketi kivulini. Mke wa mjomba alimpa uji akamweleza: mtu mrefu, mkohozi, mhunzi, ana kovu la moto hapa mkononi, usoni yuko hivi na hivi.

Yule mtu alikunywa uji wote kwanza.

“Mama,” alisema, “sisi hatukutazamana usoni. Tulitazama visigino vya aliye mbele.”

Mke wa mjomba alipokea bakuli tupu. Kisha akaanza kumweleza visigino vya mumewe.